Tuvuke Darajani

Baadhi ya shule na vyuo vyetu hapa Uganda vinavyofundisha Kiswahili huwapeleka wanafunzi Unguja kwa safari fupi ya masomo. Jambo hili ni jema, nasi hatukusudii kulivunja. Mwanafunzi aliyekulia Mbale au Masindi, ambaye Kiswahili alikisikia kwanza sokoni, redioni, au kinywani mwa askari, anastahili kufika mahali ambapo lugha hii ni lugha ya mama. Tunachokipinga katika makala haya ni namna safari hizo zinavyopangwa, na hasa mpaka usioandikwa ambapo zinakomea. Mpaka huo ni barabara moja tu. Upande mmoja uko Mji Mkongwe, ambao kila mgeni huonyeshwa. Upande wa pili iko Ng'ambo, ambako wanafunzi wetu hawapelekwi. Tunadai kwamba mwalimu wa Kiswahili anayewarudisha wanafunzi wake Kampala bila ya kuwavusha barabara ile amewaonyesha majengo, lakini lugha waliyoifuata hajawaonyesha.

Ratiba zinazofanana

Ratiba za safari hizi tulizopata kuziona zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Siku ya kwanza ni Forodhani, Ngome Kongwe, na Jumba la Maajabu kwa nje, maana sehemu ya jumba hilo lililojengwa mwaka 1883 iliporomoka mwezi Desemba 2020. Siku ya pili ni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, kisha mlango wa nyumba ya Tippu Tip, kisha mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu kuwatazama makobe. Siku ya tatu ni kununua viungo na vikoi, na alasiri ni boti ya kurudi Dar es Salaam.

Tujiulize: katika siku hizo tatu mwanafunzi amesema Kiswahili na nani? Na kiongozi wa watalii, ambaye kwa mazoea ya kazi yake huanza kwa Kiingereza. Na muuza duka, ambaye akimwona mgeni humpigia "Jambo!", salamu ambayo mwenyeji hamsalimii mwenyeji mwenzake. Darasani tumetumia kipindi kizima kumfundisha mtoto kwamba huulizwa "Hujambo?" na hujibu "Sijambo", kisha tumemlipia nauli ya zaidi ya kilomita elfu moja ili akaharibiwe somo hilo na biashara. Mwanafunzi hurudi na picha nyingi za milango iliyonakshiwa. Sisi tunaandika ripoti kwamba ziara imefana.

Jina lenyewe linavyosema

Tuanze na neno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Mji Mkongwe ulikaa juu ya rasi. Magharibi yake bahari, na mashariki yake hori lililoingia nchi kavu na kuitenga rasi hiyo na sehemu nyingine ya kisiwa. Watu walivuka kwa daraja, na ndiyo asili ya jina Darajani, ambapo leo pana soko kuu lililofunguliwa mwaka 1904. Hori lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, pakawa barabara na viwanja. Maji hayapo tena, wala daraja halipo, lakini jina la upande wa pili limebaki: Ng'ambo.

Mwalimu wa sarufi ataona upesi kwamba neno hili lina msemaji ndani yake. Huwezi kusema "kule" usiposimama "hapa". Hali kadhalika, huwezi kuuita mtaa "ng'ambo" usipokuwa umesimama upande huu wa maji. Jina hili, basi, limesemwa kutoka kwenye nyumba za mawe. Aliyekaa Shangani au Forodhani aliutazama mji uliokuwa ukikua mbele ya macho yake, akauita upande wa pili. Wakaao huko walilichukua jina hilo, wakalifanya lao, na leo wanalitamka bila ya unyonge wo wote. Lakini wageni tumelipokea pamoja na dharau iliyokuwamo ndani yake. Tunaamini kwamba mji ni ule wa mawe, na kwamba kilichobaki ni kiambatisho.

Walioishi huko ni nani? Ni wavuvi, wachukuzi, mafundi, wachuuzi, wapishi na mayaya wa nyumba za mawe. Ni Wahadimu waliotoka mashamba, Wangazija, Wazaramo, Wanyasa, Wamanyema. Baada ya hali ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, watu wengi walioachwa huru walihamia huko kujenga maisha mapya katika nyumba za udongo na makuti. Nyumba zilikuwa zao. Ardhi iliyokuwa chini ya nyumba hizo mara nyingi ilikuwa ya wengine, ambao waliitoza kodi. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi hiyo ya ardhi. Mgomo huo ni sehemu ya historia ya Afrika Mashariki kama ngome yo yote ile. Hauna mlango wa kupigwa picha, kwa hiyo haumo katika ratiba.

Hapa ndipo penye jambo linalotuuma zaidi. Tunawasimamisha wanafunzi mbele ya mlango wa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyefariki mjini humo mwaka 1905. Hatusemi wasisimame. Mtu huyo aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili, na maelezo yake ni nathari ambayo kila mwalimu hana budi kuisoma. Lakini misafara yake ilifika Manyema, ikarudi na pembe za ndovu na mateka. Waliozibeba pembe hizo walikuwa watu wa bara kama sisi. Mlango wa mwenye msafara tunaupiga picha. Mlango wa mpagazi wake hatuuliziI uko wapi. Mtoto wa nchi za maziwa akienda Unguja na asiulize hilo, amekwenda kama mgeni kwenye nyumba ambayo pengine kuna watu wa ukoo wake.

Lugha yetu ilitoka upande gani?

Watu watatwambia kwamba hayo ni mambo ya mwalimu wa historia. La hasha. Hebu tuitazame njia iliyopitwa na hiki Kiswahili sanifu tunachokifundisha. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekaa Unguja, alichapisha kitabu chake cha kuongoza watu kujifunza Kiswahili, na mwaka huohuo akachapisha ngano alizosimuliwa na watu wa hapo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo Uganda ilikuwa mwanachama wake pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Na kuanzia mwaka 1952 Kamati hiyo ilikaa kwetu Makerere kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo Uganda haikuwa mtazamaji tu. Lugha ya mji ule tuliichagua pamoja na wenzetu.

Na lugha ya mji haitengenezwi na majumba. Katika Mji Mkongwe Kiswahili kilisemwa, na kinasemwa hadi leo, lakini kwa muda mrefu kilisikika kando ya Kiarabu, Kikachi na Kigujarati. Ng'ambo, walikokutana watu wa makabila kumi waliokuwa hawasikilizani, Kiswahili ndicho kilichokuwa cha wote. Ndicho walichogombania, walichooania, walichoombolezea.

Shahidi wetu mkubwa ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika jamaa ya watu waliopata kuwa watumwa, akafinyanga vyungu na kuvitembeza kwa kuuza, akahamia mjini mwaka 1911. Taarabu ya jumba la mfalme ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, na makao yake pamoja na ya wasikilizaji wake wa kwanza yalikuwa Ng'ambo. Mwaka 1928, ule ule wa mgomo wa kodi na wa mkutano wa Mombasa, alikwenda Bombay na kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert hakuona haya kuandika kitabu kizima juu ya maisha ya mwanamke huyo. Wanafunzi wetu hukisoma kitabu hicho, kisha hufika Unguja na kurudi bila ya kukanyaga upande aliokaa. Tumshangae nani?

Tuwatazame tena wale wanaosema kwamba Ng'ambo hakuna cha kuona. Sisi tunawaambia: nendeni na masikio. Majina ya mitaa peke yake yanatosha kipindi cha sarufi cha asubuhi nzima. Michenzani, Miembeni, Kikwajuni, Vikokotoni, Gulioni: hapo pana miti ya michenza, miembe na mikwaju, pana kokoto, pana gulio, na kila jina limefungwa kwa kiambishi cha mahali. Mwanafunzi na aambiwe aligawe jina, ataje umbo la neno kabla ya kiambishi, kisha aseme sentensi tatu: Michenzani pamejengwa, Michenzani kumejengwa, Michenzani mmejengwa, na aeleze kwa nini maana si moja. Kisha afike Kisiwandui na Kisimamajongoo, aone namna nomino mbili zinavyoungana kuwa jina moja. Miti mingi haipo tena, lakini lugha imeitunza.

Avuke na kikapu pia. Pale sokoni Darajani atakuta kwamba nyanya zinaitwa tungule, viazi ni mbatata, mkate ni boflo, na mtoto anayepita na mkoba wake anatoka skuli. Hilo ni somo ambalo kitabu cha kiada hakilitoi: kwamba hata katika nchi ya Kiunguja, sanifu na lahaja si kitu kimoja, na kwamba mwenye lahaja hakosei.

Na akitaka majengo, majengo yapo. Nyumba ya Kiswahili ya udongo, pale ilipobaki, ina msamiati wake kamili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Raha Leo pana jumba la jamii la miaka ya 1940 ambamo ilikuwamo redio, na kutoka hapo yalitangazwa Mapinduzi ya Januari 1964, siku ambayo hadi leo wapo wanaoisherehekea na wapo wanaoililia. Kisiwandui pana kaburi la Mzee Abeid Karume, aliyeuawa hapo hapo tarehe 7 Aprili 1972. Michenzani yapo majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa mpango uliosaidiwa na Ujerumani Mashariki. Nyumba nyingi za udongo zilibomolewa ili kuyapisha. Je, mtu aliyehamishwa kutoka barazani hadi ghorofa ya tano alipoteza nini, na alipata nini? Mpe mwanafunzi swali hilo aandike insha, uone kama atakosa la kusema.

Wanaotupinga

Hoja ya kwanza ni kwamba muda ni mfupi. Ni mfupi kweli. Lakini kutoka soko la Darajani hadi Michenzani ni mwendo wa miguu usiozidi robo saa. Mashua ya kwenda kwa makobe na kurudi hula nusu siku. Mwenye kukosa muda wa wanadamu akapata wa makobe, tatizo lake si saa.

Hoja ya pili ni kwamba Mji Mkongwe umetambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia, na Ng'ambo hautambuliwi hivyo. Ni kweli, nasi tunaufurahia utambuzi huo. Lakini orodha ya urithi hutoa sababu ya kulinda majengo; haikuandikwa iwe ratiba ya mwalimu wa lugha. Wenyeji wenyewe wamekwisha kuona upungufu huu: katika miaka ya 2010 ulifanywa mradi wa kupanga upya mtaa huo kwa kuwashirikisha wakazi, ukaitwa Ng'ambo Tuitakayo. Wao wanasema wanaitaka Ng'ambo yao. Itakuwa ajabu sisi tuseme haitufai.

Hoja ya tatu ni nzito, nasi tunaiheshimu. Walimu wengine wanasema: watu wa Ng'ambo hawaishi katika maonyesho. Kuna haki gani kundi la vijana arobaini kupita mbele ya baraza za watu na kuchungulia nyuani mwao? Hakuna haki hata kidogo. Lakini hoja hiyo haitufundishi tusiende. Inatufundisha namna ya kwenda. Mswahili ana sheria ya kuingia kwa watu, na sheria hiyo ni sehemu ya lugha tunayoifundisha: hodi hupigwa mara tatu, na asiyekaribishwa huondoka. Mtoto wetu akijifunza hilo mlangoni kwa mtu, amejifunza zaidi ya msamiati wa ukurasa kumi.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba wazazi hawatalipa ada ili watoto wao wakaone vichochoro vya maskini. Wanataka picha za jumba. Tunajibu kwamba hapa ndipo palipo ugonjwa wetu wa Uganda. Kwa miaka mingi Kiswahili kwetu kimesingiziwa kuwa lugha ya kambi na ya mnyang'anyi. Kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya Idi Amin, na tangazo hilo likakiachia harufu ya bunduki. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima. Sheria zimekuja, mapenzi hayaji kwa sheria. Na hatuwezi kuitibu sifa ya kambi kwa kuweka mahali pake sifa ya jumba la mfalme. Mtoto aliyedhani Kiswahili ni cha mwenye bunduki, sasa atadhani ni cha mwenye ngome. Katika hali zote mbili si chake. Anachohitaji ni kumsikia bibi mmoja akimbembeleza mjukuu kwa lugha hii, na wazee wakitaniana juu ya mpira kwa lugha hii, na mwanamke akichagua kanga kwa kusoma jina lake. Hapo ataamini kwamba Kiswahili ni lugha ya watu walioko nyumbani kwao.

La kufanya

Hatutaki kulalamika tu. Tunapendekeza kwa walimu wenzetu mambo haya.

Kwanza, siku moja kati ya tatu iwe ya Ng'ambo, na iwe siku ya kwanza, kabla macho hayajashiba milango.

Pili, mwalimu aandike barua mapema kwa skuli moja ya huko, au kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar, aombe mwenyeji. Na apate ruhusa ya sheha wa mtaa. Asiyeandika barua asiende.

Tatu, wanafunzi wagawanywe watano watano, kila kundi na mwenyeji wake. Arobaini ni msafara. Watano ni wageni.

Nne, kamera zibaki mikobani mpaka mwenye nyumba aseme. Kila mwanafunzi awe na daftari, na kazi yake iwe kuleta maneno ishirini ambayo hakuwahi kuyasikia, pamoja na mahali alipoyasikia na jinsia na rika la aliyeyasema.

Tano, kila mwanafunzi aamkie kwa "Shikamoo" na kusubiri "Marahaba" kabla ya kuuliza neno lo lote. Wazee wa Ng'ambo watamsamehe matamshi ya Kiganda au ya Kigisu. Kutoamkia hawatamsamehe, nao wana haki.

Sita, fedha ya chakula cha mchana itumike kwa mama anayepika hapo mtaani. Ni aibu kuchukua maneno ya watu bure na kwenda kula hotelini.

Tukirudi, Mji Mkongwe utakuwa bado pale. Wanafunzi watautazama kwa macho mengine, maana watakuwa wanajua nani alichonga milango ile, nani alichukua mawe, nani alilala wapi jioni kazi ilipokwisha. Chama chetu kina sauti katika kupanga safari hizi. Tunaomba mkutano ujao uliweke suala hili katika ajenda, na kila shule inayoomba barua ya chama kwa ajili ya safari ya Unguja iulizwe kwanza: siku yenu ya Ng'ambo ni ipi?